Kiti cha Nyuma

Polisi wa doria walimwita Daktari, na kila walipoonana sajini alimwomba dawa ya mgongo, akijua fika kwamba udaktari wa mama huyu ni wa vitabu. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mtafiti wa mambo ya uhalifu, na kwa miezi kadhaa alikuwa akipanda kiti cha nyuma cha gari lao aone vijana wanasimamishwa vipi barabarani, na kwa sababu gani. Mkuu wa polisi alimpa sharti moja: aangalie, asifungue mdomo. Akiingilia kazi hata mara moja, kibali kinafutwa na utafiti wote umekwenda na maji.

Kimya hicho kilimla. Usiku alikosa usingizi. Nyumbani kwa dada yake alitangaza, chakula kikiwa mezani, kwamba atakayemwona ndani ya lile gari asithubutu kumsalimia.

"Humo ndani mimi si mama mdogo wa mtu," alisema. Mtoto wa dada yake, kijana wa sekondari, alicheka mpaka akapaliwa.

Alasiri moja sajini alisimamisha gari kando ya uwanja wa mpira. Vijana wawili walikuwa wanapita na mabegi yao mgongoni, na kosa lao lilikuwa kutembea haraka. Jana yake aliwakamata wengine kwa kutembea polepole. Mmoja wa hawa wa leo alikuwa mtoto wa dada yake.

Sajini alimwaga mabegi chini, zikatoka soksi, madaftari na viatu vyenye tope. Hakuona cha maana, lakini kuna nyumba imevunjwa mtaa wa pili, alisema, kwa hiyo watakwenda kujieleza kituoni. Daktari alikijua kituo kile. Kijana akishaingia, hutoka na faili, na faili halimwachi tena. Aliiwaza ripoti iliyobaki kidogo tu imalizike, na vijana ambao pengine ingewaokoa. Kisha akamwaza dada yake.

Sajini aliuliza kama kuna mtu mzima wa kuwatambua. Mtoto akamtazama mama yake mdogo dirishani, uso mkavu.

"Hayupo," akasema.

Hapo uvumilivu ulimwisha. Alifungua mlango, akashuka.

"Huyo ni mwanangu. Mtoto wa dada yangu."

Sajini alijishika kichwa. "Daktari, si ungesema mapema." Akamrudishia kijana begi lake, tena akalikung'uta vumbi. Kisha akamwonyesha yule mwenzake kwa kidole. "Na huyu? Naye wako?"

Swali lilikuwa jepesi. Lakini maisha yake yote ya kazi alijizuia kusema asilo na hakika nalo, na kijana huyu hakumjua hata kwa sura. Alisita. Akaanza kueleza, kwa sauti ya darasani, kwamba hana undugu naye, ila kisheria mtoto wa umri huo anapaswa kwanza... Sajini hakuisubiri sheria imalizike. Kijana akaingizwa garini, akakaa kwenye kiti cha nyuma, pale pale alipotoka Daktari.

Gari likaondoka. Hasira ilimpanda, na nyingi ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

"Mama mdogo," mtoto alisema, "ungesema ndiyo tu."

Alivua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi, wakashika njia ya kituoni, wote wawili wakitembea haraka.