Vibao vya Gari la Bwana Mwishehe

"Kitwana hatalala chini ya gurudumu," Mwanaharusi alisema tena, na Bwana Mwishehe akamjibu kwamba hakuna aliyemwomba ruhusa. Mikono ya Kitwana, mwana wa Mwanaharusi, ilikwisha kufungwa kamba. Gari lilisimama kwenye mteremko wa forodhani, Bagamoyo, limejaa pembe za ndovu, na wavutaji wake walikaa pembeni wakitafuna muhogo.

Gurudumu la kushoto lilizuiwa na Pazi, mume wa Mwanaharusi. Kibao cha breki cha upande ule kilikatika mwaka wa nyuma, wa 1886, Pazi akasukumwa chini ya gurudumu ili pembe zisiingie baharini. Alikufa pale pale, lakini hakuachia. Tangu hapo, gari likienda, aliinuka, akajipangusa mchanga na kulifuata. Likisimama, alilala tena, mbavu zikavunjika upya na damu ikatoka. Wapita njia walimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba kwa sauti iliyobanwa. Bwana Mwishehe aliona anashika kuliko mti, hakutafuta kibao kingine.

Sasa kibao cha kulia nacho kilikuwa kimepasuka.

Tobia, seremala aliyefunzwa na mapadre, alichungulia nyuma ya gurudumu na kueleza kazi ilivyo. Pembe zote zishushwe. Gari linyanyuliwe kwa magogo, magurudumu yavuliwe, misumari iliyoliwa na chumvi ikatwe, ndipo vibao vifikiwe. Mti mgumu utoke Fukayosi, chuma kitoke Unguja. Bwana Mwishehe alisema gharama hiyo ni ya wendawazimu, chombo kinaondoka adhuhuri, na mtu yupo hapa hapa.

Mwanaharusi akamwuliza Tobia kama miguu ya kitanda chake ingefaa. Ilikuwa ya mninga. Tobia akasema itafaa sana, na misumari ya kuazima anayo, ila lazima gari liwe tupu.

"Halishushwi," alisema Bwana Mwishehe. Akaenda mbele ya gari kuwaonyesha wavutaji pa kumlaza Kitwana.

Mwanaharusi aliinama penye gurudumu la kushoto.

"Baba Kitwana, achia."

"Chini kuna watu?" Pazi aliuliza.

"Yupo Mwishehe."

Pazi akaachia.

Gari lilimpiga Bwana Mwishehe magotini, likamlaza, likamburuta mpaka karibu na ukuta wa forodha. Hapo lilisimama ghafla hata pembe zikamwagika, na moja ikamchoma mvutaji pajani. Lilisimama kwa sababu Bwana Mwishehe, ambaye alikwisha kufa, alikuwa amelikamata gurudumu la kushoto kwa mikono miwili. Pazi akainuka, akajipangusa. Tobia akashuka na nyundo yake, akaanza kugonga misumari, kwa kuwa gari sasa lilikuwa tupu.

Msabaha, mpwa wa marehemu, alitoka forodhani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," Bwana Mwishehe aliitikia kutoka chini.

Msabaha alilisukuma gari kwa bega. Upande wa kushoto haukutikisika. Akaamuru pembe zipakiwe upya na fundi aache kupoteza muda. Kisha akazunguka upande wa kulia, akakiona kibao kilichopasuka, akamtazama Mwanaharusi.

"Namtaka mmoja tu, mama. Kijana wako au huyu fundi. Sema upesi, maji yanakupwa."

Tobia alisimamisha nyundo. Alimtazama Mwanaharusi kama mtu anayengoja kuambiwa urefu wa ubao.

Mwanaharusi akamnyooshea kidole.

Wavutaji walimkamata Tobia mikono na miguu. Aliwapiga teke wawili, wakamvunja mkono, akatulia. Aliomba nyundo ipelekwe kwa mkewe, Gertruda, na Pazi, ambaye sasa hakuwa na kazi, akaichukua. Mwanaharusi alikuwa bado anahangaika na fundo la kamba mikononi mwa mwanawe walipomlaza fundi na kulirudisha gurudumu juu ya kifua chake.