Jiko Chini ya Chupa za Bahari

Jumatatu asubuhi uvundo ulimpokea Jael mlangoni mwa maabara, akajua ameharibu.

Chupa zote za maji ya bahari zilikuwa zimechafuka, na juu yake utando mweupe. Jiko la makaa chini ya meza lilikuwa limebaki majivu. Mayi wee! Na wiki hii ndiyo aliyoahidiwa kuandikwa kazi ya kudumu, baada ya kusota na kibarua cha kufagia hapa tangu afiwe na mumewe.

Mwaka huo wa tisini na nane bahari ilikuwa imepata joto kupita kawaida. Daktari Hezekiah alitaka kujua joto hilo linavifanya nini vijidudu vya majini, vile visivyoonekana kwa macho. Akaleta maji ya Mombasa hadi maabara yake hapa Kakamega. Nusu ya chupa aliziweka katika joto la bahari ya zamani, nusu akazipasha zaidi. Jumamosi mchana, Jael akiwa peke yake, stima ikapotea na baridi ya mvua ikaingia. Jael, mpika busaa wa miaka mingi, akaona viumbe vya watu vitakufa. Akawasha jiko, akazifunika chupa zote gunia, kama anavyofunikanga pombe yake ipate kuchachuka.

Daktari alipoingia hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nani alikutuma?"

"Chachu ikikosa joto inakufanga, Daktari. Nilivionea huruma."

"Huruma!" Akacheka mpaka akafuta machozi. "Hii ni bahari, mama, si chungu chako cha walevi. Leo wahudumie wageni wangu chai, halafu nisikuone tena."

Wageni walikuwa wafadhili. Jael alidhani chupa zitamwagwa. Wapi! Daktari alizibandua lebo zilizotenganisha za joto la zamani na zilizopashwa, akazipanga kando ya chupa moja safi aliyokuwa ameihifadhi ofisini kwake.

"Vile vya kijani vinavyolisha samaki vimekufa," akawaeleza. "Vya uozo vimetawala. Tumezipasha wenyewe, hatua kwa hatua."

Wageni wakapiga makofi. Mtu hana haya hata kidogo! Jael alizunguka na birika, akiwamiminia chai.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alimtazama usoni.

"Asante, dada. Tukirudi mwakani tutakukuta?"

Jael akafungua mdomo. Daktari akamwahi, akamwekea mkono begani.

"Huyu? Huyu ni wetu. Haendi popote."

Vidole vikamminya bega, kumkanya asiseme. Jael akamuuliza mgeni kama amwongezee chai.