Upande wa Pili wa Daftari

Jumanne ya pili ya Aprili, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Enid Larter alifungua kufuli la kibanda cha kuangalizia ndege kando ya kinamasi cha Hobbin, Norfolk, mashariki mwa Uingereza, akafuta umande kwenye benchi kwa mkono wa koti, akamimina chai kutoka kwenye themosi, kisha akafungua daftari. Kila anayeingia kibandani huandika humo tarehe, saa, na ndege aliowaona. Ndiyo desturi, na Enid alikuwa ameifuata miaka ishirini na tisa bila kuruka hata Krismasi, isipokuwa siku chache za kulazwa hospitali. Asubuhi hiyo kalamu iligoma. Akaligeuza daftari ili aijaribu kwenye ukurasa wa mwisho, akakuta ukurasa wa mwisho umekwisha kujaa.

Mwandiko ulikuwa mwembamba, umeinamia kushoto, na wino wake ulikuwa wa rangi ya tope. Ulisomeka hivi: *Jumatatu. Mwanadamu, jike, mzee, 1. Saa kumi na mbili na dakika arobaini hadi saa nne. Koti la kijani, tundu kwenye kiwiko cha kushoto. Amekula mkate wa jibini na achari. Ameimba kidogo.*

Enid akakunja mkono, akatazama kiwiko. Tundu lilikuwapo.

Kabla ya kustaafu alikuwa amepeleka barua katika vijiji vitatu kwa miaka thelathini na mmoja. Hakukuwa na mwandiko wa mtu wa Hobbin asioujua, pamoja na ule wa waliokuwa wakiandikiana bila wake zao kujua. Huu haukuwa wa mtu yeyote. Nje, kitwitwi mmoja, kindege wa miguu mirefu, alikuwa amesimama kwenye tope, mguu mmoja ameunyanyua, akimtazama kama karani anayesubiri mteja aondoke dirishani. Enid alimaliza chai yake. Watu wa Norfolk hawana desturi ya kushangaa kabla ya kifungua kinywa.

Isitoshe, kilichomkaa rohoni kilikuwa kingine. Ndani ya matete ya Hobbin alikuwamo korongo mvumaji. Ni ndege wa rangi ya matete makavu, na akiona mtu hunyoosha shingo juu akajifanya tete, kwa hiyo wengi humsikia tu: mvumo mzito, kama wa mtu anayepuliza mdomo wa chupa kubwa. Anapotaga korongo huyo, kibali cha kujenga hakipatikani kirahisi. Na kulikuwa na kampuni iliyotaka kukifukia kinamasi ijenge nyumba mia moja na arobaini.

Enid alikuwa amemsikia masika saba mfululizo. Mara saba alijaza fomu akaipeleka kwa Kamati ya Kumbukumbu ya klabu ya waangalizi wa ndege, maana katika kaunti ndege adimu hahesabiwi mpaka kamati ikubali. Mara saba fomu ilirudi ikiwa na neno moja: *Haijathibitishwa.* Mwenyekiti wa kamati, Clive Pumfrey, alimweleza kwa upole kwamba shahidi alikuwa mmoja, picha hakuna, na sauti yenyewe huenda ilikuwa ya ng'ombe. Enid alizaliwa kwenye nyumba iliyopakana ukuta na zizi. Ng'ombe aliwajua.

Ripoti ya kampuni nayo ilisema mkaguzi wao, Bwana Tristan Hale, alifika kinamasini alfajiri sita masika yaliyopita, akakaa saa tatu kila mara, asione wala asisikie korongo. Shahidi alikuwa mmoja, picha hakuna. Lakini ripoti ilikuwa na jalada la plastiki, na hakuna aliyeirudisha.

Saa tatu alifika Desmond Gedge, dereva mstaafu wa malori ya viazisukari, ambaye huja kibandani kwa ajili ya ndege na pia kwa ajili ya kumkwepa mkewe, Beryl. Enid akampa daftari, ameligeuza.

"Kumbe ndege nao wanaandika," Desmond akasema. "Hebu nisomee mimi wameniwekaje."

"'Dume, 1, nene,'" Enid akasoma. "'Anapumua kwa sauti. Huenda ametoroka kwa mfugaji.'"

"Nene nani?"

"Wameandika wao, bwana, si mimi."

"Na hilo la kutoroka Beryl asilione. Atakuja na kamba."

Walicheka, kisha Enid akaacha kucheka. Aliinama chini ya benchi akavuta sanduku la madaftari ya zamani, akaanza kuyageuza moja moja. Yote yalikuwa yameandikwa upande wa pili, tangu la kwanza kabisa, mwaka ambao kibanda kilijengwa. Ndege wa Hobbin walikuwa hawajaruka hata siku moja.

Akachukua daftari la mwaka uliopita, akaweka pembeni ripoti ya kampuni, akaanza kulinganisha zile alfajiri sita. Tarehe nne Aprili: *jike, mzee, 1.* Tarehe kumi na moja: *jike, mzee, 1.* Tarehe kumi na tisa, wakati Enid alipokuwa hospitali kwa ajili ya nyonga: *Watu, 0. Mvua. Jike mzee hajaonekana, siku ya nane. Tunaendelea kutafuta.* Hapo alipenga kamasi, akaendelea. Tarehe ishirini na sita: *jike, mzee, 1, anachechemea.* Tarehe tatu Mei: *jike, mzee, 1. Pia dume, kijana, 1. Viatu visafi. Alikaa garini dakika nne, akala soseji. Hakuvuka geti. Amerekodiwa nje ya eneo.* Tarehe kumi Mei: *jike, mzee, 1.*

"Hata soseji wameiona," Desmond akasema.

"Hakuja, Des. Ameandika mara sita, na hakuja hata moja."

Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tusemavyo. Bwana Hale hakuwapo, na lake lilikuwapo, kurasa themanini na nane zenye ramani za rangi.

Klabu ilikutana Alhamisi, saa moja jioni, kwenye ukumbi wa kijiji. Clive Pumfrey alivaa tai yake yenye picha za bata. Alisoma kurasa zote kwa makini, miwani puani, akitikisa kichwa kwa heshima.

"Kazi nzuri," akasema. "Kusema kweli wanaandika vizuri kuliko wanachama wetu wengi."

"Basi kubali."

"Tatizo, Enid, ni kwamba wao si wanachama."

Enid alilitarajia hilo. Akaweka mezani fomu arobaini na moja za kuomba uanachama, zimejazwa kwa wino wa tope, kila moja imependekezwa na E. Larter na kuungwa mkono na D. Gedge. Clive akazipitia.

"Anwani wameandika 'Matete, Hobbin'."

"Ndiko wanakoishi."

"Ndiyo, lakini pale patafukiwa. Hiyo ni anwani ya muda. Kanuni zinataka ya kudumu."

Wakati huo korongo mvumaji alikuwa amesimama karibu na kiango cha makoti tangu saa kumi na mbili na nusu jioni. Aliingia kwa mlango wa mbele, akajipanga kati ya koti la mvua la Desmond na mwavuli wa mtu, akanyoosha mdomo juu. Kila aliyetundika koti lake alimpisha. Sasa akashusha shingo, akavuta pumzi, akavuma. Vijiko vilicheza kwenye visahani. Mama aliyekuwa akigawa chai alisogeza jagi la maziwa kutoka ukingoni mwa meza, akauliza nani bado hajapata biskuti.

"Ng'ombe huyo," Desmond akasema.

"Ndege aliye ndani ya jengo hahesabiwi," Clive akasema. "Kanuni ya kumi na mbili."

"Clive, anakutazama."

"Namwona, Enid."

"Basi andika kwamba unamwona. Hilo tu. Andika."

Clive alivua miwani akaanza kuifuta kwa ile tai ya bata. Alipozungumza tena alikuwa ameshusha sauti, na kwa mara ya kwanza alikuwa akisema kweli. "Nikimkubali huyu, itanibidi nikubali wale saba. Kaunti nzima itauliza miaka yote hiyo nilikuwa wapi."

"Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa."

Hasira ilimpanda Enid mpaka masikio yakawaka moto, na hakuificha. Aliwaambia wazee wale kwamba wametembea dunia nzima kuhesabu ndege wa watu, na wa kwao wamemkana mbele ya biskuti. Akavaa koti, akaufungua mlango na kuushikilia, korongo akatoka kwanza, polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mgeni mwenye heshima zake.

Mbele ya kamati ya mipango ya halmashauri mwananchi hupewa dakika tatu. Enid alisoma tarehe moja baada ya nyingine, na kengele ikalia alipofika kwenye soseji. Bwana Hale alikuwa amekaa safu ya pili. Alitazama viatu vyake, ambavyo bado vilikuwa visafi. Ofisa mmoja alieleza kwamba halmashauri haina shaka yoyote na ukweli wa daftari, ila ripoti ya kampuni imefuata muundo unaotakiwa na daftari halikuufuata. Dirishani, kwa nje, walikuwa wamejipanga shakwe, bata na mdiria mmoja, na kitwitwi mbele yao akiandika. Kura zilikuwa saba kwa mbili. Walioshinda waliomba mapazia yafungwe, kwa sababu ya jua.

Matingatinga yalikuja Septemba, siku ya Jumatatu. Enid alikuwa kibandani tangu alfajiri, themosi miguuni.

"Bibi, nakuomba usogee," dereva akamwambia. Hakuwa mtu mbaya, alivua hata kofia.

"Sisogei ng'o. Unaona naandika?"

"Utamaliza saa ngapi?"

"Ndege wakimaliza."

Dereva alisubiri mpaka saa ya chakula cha mchana, kisha akaanzia upande wa pili. Siku ya tatu walifika kibandani, wakakiondoa ubao mmoja mmoja mpaka likabaki benchi na Enid juu yake, halafu wakaja askari wawili wakamnyanyua na benchi lake kwa adabu, wakamweka barabarani. Aliendelea kuandika akiwa hewani. *Korongo mvumaji, 1,* aliandika, na mstari umepinda kidogo pale askari mmoja alipojikwaa.

Masika yaliyofuata nyumba za kwanza thelathini zilikuwa zimekwisha kupata mapazia. Barabara inayopita katikati yake ilipewa kibao cha kijani: Njia ya Korongo Mvumaji. Kampuni iliona ni jina zuri. Ndege walirudi siku zao zilezile na mahali pao palepale, kwa kuwa hakuna aliyewaletea barua ya kuhama. Vitwitwi walitembea juu ya mazulia, pale palipokuwa na tope. Bata walishuka jikoni. Wenye nyumba walitandika magazeti, wakanung'unika kwa mjumbe wao kuhusu maegesho.

Enid naye alirudi. Pale kiliposimama kibanda sasa yalikaa mapipa ya taka ya nyumba namba tisa, akaweka kiti chake cha kukunja katikati ya mapipa, kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mwenye nyumba, msichana aitwaye Jodie aliyekuwa na mtoto mchanga, alizoea kutoka na ndala.

"Bi Enid, samahani. Huyu wako amesimama tena kwenye beseni la kuogea."

"Anavuma?"

"Tangu saa kumi. Mtoto ndiyo analala vizuri akimsikia."

"Basi mwachie maji. Na uniandikie saa uliyomsikia, uweke na sahihi yako. Sasa tuko mashahidi wawili."

Fomu ya nane ilikwenda ikiwa na sahihi mbili, na picha ya korongo karibu na chupa ya shampuu. Clive aliirudisha kwa Kanuni ya kumi na mbili. Katika ripoti ya mwaka ya klabu, ukurasa wa thelathini na moja, iliandikwa: *Korongo mvumaji: hakuna rekodi iliyokubaliwa Hobbin.* Enid alisoma mstari huo mara moja tu. Akaomba fomu nyingine.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu, na mtoto wa Jodie alikuwa amelala. Enid alikaa kati ya mapipa, akamimina chai, akaandika saa, akaandika *korongo mvumaji, 1, bafuni*, akatia sahihi. Kisha, kama alivyozoea, akaligeuza daftari kuona wamesema nini. Wino ulikuwa bado mbichi.

*Mwanadamu, jike, mzee, 1. Koti la kijani, kiwiko kimeshonwa. Mara moja ametoweka, mara moja ameondolewa, mara mbili amerudi. Si mpitaji. Mkazi wa Hobbin. Imethibitishwa.*