Supu ya Mifupa ya Jana

Tusifichane, jamani. Mtu anaweza kumuua mama yake kwa neno moja, kisha akamkaribisha mgeni aongeze viazi. Ndivyo alivyofanya huyu fundi cherehani siku ya sikukuu. Na mama mwenyewe alikuwa hai, hatua sita kutoka mezani, nyuma ya ukuta wa mbao ambao hata kikohozi haukizuii.

Mambo yalikwenda hivi. Mume wa fundi alikuwa anangojea kupandishwa cheo, akaona sikukuu ndiyo nafasi ya kumwalika meneja wake na mkewe. Wakanunua bata mzinga mkubwa ajabu, utadhani wanalisha kambi. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliopita. Mkono wa kulia ulikuwa haushiki tena, mdomo ulikwenda kombo, na mate yalimtoka bila yeye kujua. Asubuhi fundi akamwendea, akamwambia huku akimtazama miguuni, "Mama, leo kutakuwa na kelele. Si afadhali upumzike tu chumbani?"

"Haya, mwanangu," mama akasema, akaletewa uji wake, mlango ukafungwa.

Mezani mke wa meneja alikula mpaka akaona haya. "Hee! Nyama laini hivi! Nani alikufundisha kupika?"

"Mama yangu," fundi akajibu, kifua mbele. Angeishia hapo, leo tungekuwa na hadithi nyingine.

"Kumbe! Yuko wapi tumsalimie?"

Ulimi hauna mfupa. "Ni marehemu," akasema.

Mume wake akaacha kutafuna. Wageni wakatoa pole zao, mke wa meneja akamshika fundi mkono kwa nguvu, na mazungumzo yakaendelea mpaka kwenye chai. Wakati wa kuaga, mke wa meneja aliacha hata namba yake ya simu, maana alitaka kushonewa gauni. Mambo yote yakaenda vizuri. Isipokuwa tangu dakika ile fundi alikuwa na swali moja tu: je, mama alisikia?

Kesho yake mume akaenda kazini. Fundi akabaki na sinia la mabaki: kifua kilichochunwa nusu, shingo, mabawa, na mifupa ya mgongo iliyogandiwa na mafuta. Akaamua kumpikia mama supu. Na asijidanganye mtu kwamba ilikuwa huruma. Ilikuwa ni dhamira inamsuta, anatafuta pa kuiweka.

Sasa, huyo mama hakuwa mtu wa kupikiwa supu hivi hivi. Alikuwa mpishi wa hospitali miaka thelathini, jiko la wagonjwa lilikuwa lake, na hata madaktari walikuwa wakiomba ruhusa kufunua sufuria zake. Aliposikia mlio wa sufuria akagonga ukuta kwa fimbo. "Nitoe huku. Nipeleke jikoni."

Fundi akamwongoza taratibu, akamkalisha kwenye kiti karibu na meza. Akamtazama usoni. Uso ule wa upande mmoja haukusema kitu.

"Vunja mifupa," mama akasema, maneno yakitoka moja moja. "Utamu uko ndani."

Fundi akaivunja kwa mgongo wa kisu. Akaiweka sufuriani, akanyanyua birika la maji ya moto.

"We! Maji baridi. Umesahau?"

"Nimesahau, mama. Nisamehe." Ile nisamehe ikatoka kubwa kupita kosa lenyewe, naye mwenyewe akaisikia.

Mama akaonyesha kwa mkono wa kushoto: kitunguu kizima na ganda lake, karoti, tangawizi kidogo, kitunguu saumu. Chumvi hapana, chumvi ni mwisho. Moto mdogo, supu itikisike tu, isichemke kwa fujo. Kisha akaliangalia sinia.

"Bata mkubwa hivi. Mlikuwa wangapi?"

"Wanne," fundi akajibu.

"Wanne," mama akarudia.

Lahaula! Amesikia? Au anahesabu tu, kama wapishi wanavyohesabu? Mwenye hatia ana kazi, kila neno kwake ni askari. Fundi akainama akaanza kuengua povu, akaengua hata mahali ambapo hapakuwa na povu.

Akakata shauri aseme. Atasema sasa hivi, liwalo na liwe.

"Mama..."

"Enhe?"

"Nitie na viazi?"

"Tia."

Mwoga huyo! Baada ya nusu saa akajaribu tena, akaishia kuuliza habari ya pilipili manga. Mara ya tatu alifungua kinywa, mama akamgeukia kabisa na kungoja, na yeye akasema jikoni mna joto. Saa tatu zilipita hivyo. Ni supu tu iliyoendelea na kazi yake, ikawa ya rangi ya dhahabu, na harufu yake ikajaa nyumba nzima.

Ilipoiva akaichuja kwa kipande cha kitambaa cha melikani alichokuwa amekichemsha kwanza, kama alivyofundishwa. Akachambua nyama iliyobaki, akaikata vipande vidogo vya mtu asiyetafuna vizuri. Akatia chumvi. Akapakua bakuli, akavuta kiti ili amlishe.

"Mkono mmoja unanitosha," mama akasema, akachukua kijiko mwenyewe. Akapuliza. Akanywa. Supu kidogo ikamtiririka kidevuni, fundi akaifuta. Akanywa tena, akafumba macho.

"Tamu," akasema. "Hii inamwinua mtu kitandani."

Fundi akashusha pumzi ndefu. Hajasikia! Alhamdulillahi, hajasikia. Karibu acheke.

"Ila nikuulize," mama akasema. "Tangu lini marehemu akanywa supu?"

Fundi akateleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, akashika magoti ya mama yake. "Mama, nisamehe. Nilikuonea aibu. Mdomo, mate, nilifikiri wataona kinyaa, nilifikiri mume wangu atakosa cheo. Mimi si mtu, mama."

"Nilikufa kwa maradhi gani?"

"Mama, tafadhali."

"Kifo ni changu, nina haki ya kukijua. Hapo ulishusha sauti, sikusikia."

"Presha. Nilisema presha."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Mama akafikiri. "Mwaka juzi ulipasuliwa tumbo. Nani alikupikia supu?"

"Wewe, mama. Kila siku, wiki sita."

"Basi marehemu anapika pia." Akatabasamu kwa upande ule uliobaki. Kisha tabasamu likamtoka, akaweka kijiko chini. "Wakakupa pole. Ukajibuje?"

Mama akangoja, kama alivyongoja asubuhi nzima.

"Nilisema asante."

"Hapo," mama akasema, na jicho lake zima likajaa maji. "Hapo ndipo paliponiuma. Neno la kwanza lilikuponyoka, nikasema atalirudisha. Nikakaa kitandani nangoja useme, hapana jamani, nimekosea. Nilingoja mpaka nikasikia mnaosha vyombo."

Fundi alilia bila kujificha. Mama hakumgusa kichwa wala hakumsukuma.

"Zile pole si zako. Zirudishe."

"Nitamwambia, mama. Wiki ijayo akija kupimwa gauni..."

"Leo. Supu bado ya moto."

Fundi akampigia mke wa meneja, simu ikaita mara mbili tu. "Fundi! Habari za tangu jana?"

"Nzuri, dada. Dada, jana ulinipa pole ya mama." Akamtazama mama yake, na mama hakumsaidia hata kwa kupepesa. "Mama yangu hajafa. Nilimficha chumbani kwa sababu anaumwa, nikawadanganya. Alikuwa nyuma ya ukuta, akitusikia."

Ile sauti ikasema, bila ule uchangamfu wa mwanzo, "Mpe simu."

Mama akaipokea kwa mkono wa kushoto. Akasalimia polepole, neno moja moja, mate yakimtiririka, na fundi akabaki amesimama anasikiliza.

"Samahani, mwanangu," mama akasema kwenye simu. "Jana sikuja kukusalimia. Niliambiwa nimekufa."

Fundi akajifunika uso kwa kile kitambaa cha kuchujia, kikiwa bado kimelowa supu, na mama hakumnyamazisha.