Snea Mbili za Idara ya Maji

Jumanne, saa nne asubuhi, mtunza stoo wa Idara ya Maji alisukuma pembeni mita tatu mbovu na boksi la koki, akaweka ngoma mbili mezani, akamtaka mpigaji wa bendi ya idara atie sahihi kwamba ameziona. Zote mbili zilikuwa snea, zile ngoma fupi zenye nyuzi za waya tumboni, ambazo bila hizo bendi ya matarumbeta ni kelele tu za watu wenye mapafu. Moja ilikuwa ya shaba, ya miaka arobaini na kitu, imebonyea ubavuni. Familia ya marehemu mpigaji wa zamani ilikuwa ikiitumia kuwekea redio. Ya pili ilikuwa ya chuma cha pua, mpya, bado imevaa nailoni yake. Snea waliyokuwa nayo ilikanyagwa na lori la maji mwezi uliopita, dereva akirudi nyuma kwa maelekezo ya watu watano.

Mpigaji mwenyewe alikuwa mama wa miaka arobaini na mitatu, msoma mita kwa ajira, mpigangoma kwa kukaimu. Alikuwa amekaimu miaka kumi na moja. Idara nzima ilimwita Kaimu, na hata kwenye fomu za shule za watoto wake, penye jina la mzazi, mwalimu mmoja aliwahi kuandika hivyo hivyo. Sasa mkuu wa bendi alikuwa amemnong'oneza kwamba Ijumaa, kwenye hafla, Mkurugenzi atasoma barua ya kumthibitisha mpigangoma. Kwa hiyo achague ngoma mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayeipiga. Kaimu hakulala vizuri tangu aambiwe. Alitaka barua ile kuliko alivyowahi kutaka kitu, na hakuona haya kusema hivyo.

Alishika vijiti akaigonga ile ya shaba mara nne. Kimya. Akaigonga ile mpya mara nne, na mrindimo mfupi juu yake. Kimya.

Mtunza stoo alifungua kitabu cha matukio cha mlinzi akamwonyesha. Jumapili, saa nne asubuhi, stoo ikiwa imefungwa, snea mpya ililia mara nne na mrindimo mfupi, sauti kali, safi, hakuna kilichoibiwa.

"Hii mpya inatangulia siku mbili," alisema. "Ulichopiga leo tulishakisikia. Hiyo ya zamani inachelewa siku mbili. Hiyo uipe muda, mama."

Kaimu aliomba kwenda nazo nyumbani akazilinganishe. Mtunza stoo akamtilisha sahihi nyingine.

Mkuu wa bendi, alipoelezwa, alilitazama jambo kiutendaji. Ukiwa na ile ya zamani, harusi ya Jumamosi itapata ngoma yake Jumatatu, maharusi wakiwa wamesharudi kazini. Ukiwa na mpya, wageni waalikwe Alhamisi kusikiliza ngoma, kisha warudi Jumamosi kusikiliza matarumbeta. Kila moja ina faida zake, alisema, na akamkumbusha aandike sababu za uchaguzi wake kwa nakala tatu.

Nyumba za watumishi wa idara zilikuwa nyuma ya matangi, safu mbili zinazotazamana, ambako mtu akipiga chafya jirani humwombea afya. Kaimu aliishi nyumba ya nne na mumewe, watoto wawili na mama mkwe. Ngoma aliziweka chumbani juu ya kabati, na mumewe, ambaye ni fundi pampu na mtu wa maneno machache, akauliza tu kama zinakula.

Jumatano, saa kumi na moja kasorobo, watu wakiwa wamerudi kutoka kazini, snea mpya ililia.

Ulikuwa mrindimo mrefu, ule wa uteuzi. Hapa inafaa kueleza utaratibu wa idara. Mtu akipewa cheo husimama mbele ya wenzake, mikono ubavuni, na ngoma hurindima tangu jina lake litajwe hadi Mkurugenzi ampe mkono. Bila mrindimo, barua ni karatasi. Na mteuliwa hajipigii. Siku ya kuteuliwa mpigangoma, vijiti hushikwa na mwingine, na kwa sababu hiyo mpuliza trombone alikuwa wiki nzima anafanya mazoezi kwenye ndoo.

Mrindimo ule ulianza chini, ukapanda taratibu, ukatulia kidogo katikati kama mtu anayebadilisha bega la mzigo, ukapanda tena. Mama mkwe aliweka chini shati alilokuwa analishonea kifungo.

"Mkono wako huo, mwanangu," alisema.

Kaimu alijua. Mpuliza trombone hawezi kutulia katikati. Hata kwenye trombone hawezi. Mikono ya Kaimu mwenyewe ndiyo itakayopiga Ijumaa, na kama ndiyo itakayopiga, basi anayesimama mbele ni mtu mwingine. Alikaa kitandani akalia kidogo, si sana, kwa kuwa chakula kilikuwa jikoni.

Haikuhitaji mganga kumtaja huyo mwingine. Mpwa wa Mkurugenzi alikuwa ameingia idarani mwezi uliopita, mwanamume wa miaka thelathini mwenye viatu vya kung'aa na adabu nyingi, ambaye kila asubuhi alimwamkia Kaimu shikamoo na kumwuliza kama ngoma huwa inaumiza vidole. Damu ni nzito kuliko maji, hata katika Idara ya Maji.

Usiku huo mumewe alijitolea kwenda kuzungumza na mtu. Hakusema nani, wala angezungumza nini, na kwa vile kwa kawaida hazungumzi, Kaimu alimshukuru akamwambia alale. Yeye alikuwa na mpango wake. Atachagua snea ya shaba, na ile mpya ataifungia kabatini chini ya mablanketi. Isipopigwa Ijumaa, haikulia Jumatano.

"Imeshalia," mama mkwe alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Alhamisi Kaimu alimwendea mkuu wa bendi akamwuliza moja kwa moja barua imeandikwa jina gani. Mkuu alikagua viatu vyake, cha kushoto kisha cha kulia, akasema mchakato unaendelea. Aliporudi nyumbani mama mkwe alimpa taarifa kwamba saa nne ngoma ya shaba ilibisha hodi mara nne, yeye akaitikia karibu, na ilikuwa sauti nzuri, nene, ya mtu mwenye heshima zake. Kaimu akajaza fomu ya uchaguzi nakala tatu. Penye sababu aliandika: ina subira.

Ijumaa viti vilipangwa uani, mbele ya matangi. Mkurugenzi alizungumza kwa muda mrefu. Alimsifu Kaimu kwa miaka kumi na moja ya kujitolea, akasema mvumilivu hula mbivu, akafungua barua akasoma jina la mpwa wake. Watu walipiga makofi ya wastani. Mpwa alisimama mbele, mikono ubavuni, akatazama chini. Mkurugenzi akampa ishara Kaimu.

Saa ilikuwa kumi na nusu. Kaimu alirindima kwenye ile ya shaba, kwa moyo wote na hasira yote, na hapakusikika kitu isipokuwa mbwa mmoja mbali.

Mkuu wa bendi alimnong'oneza Mkurugenzi kwamba itasikika Jumapili. Mkurugenzi akasema Jumapili yeye hayupo, iletwe ile mpya. Dereva akatumwa nyumba ya nne. Mama mkwe alimweleza kwamba kabati limefungwa na ufunguo hajui ulipo. Dereva, mtu mwelewa, akaliinua kabati lote akalipakia garini.

Kabati lilifunguliwa mbele ya hadhara. Mablanketi yalitolewa, na nguo kadhaa ambazo si za hadhara, kisha snea. Wakati wote huo mpwa alikuwa bado amesimama pale pale, mikono ubavuni, jasho linamtoka, na watu mia moja na ishirini wanamtazama. Kaimu alimtazama pia. Alikuwa amepanga kukataa. Alikuwa hata na maneno. Lakini vijiti vilikuwa mkononi, na mikono yake ilishaifanya kazi hiyo tangu Jumatano. Yeye alibaki tu kuifuata. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Akarindima, akatulia kidogo katikati, akapanda tena. Kimya kabisa.

Mkurugenzi aliuliza kama hiyo nayo ni mbovu. Mtu wa safu ya tatu ya viti akasimama akasema hapana mheshimiwa, walishausikia Jumatano, na ulikuwa mzuri. Safu zote mbili za nyumba zikathibitisha. Katibu akaandika kwenye kumbukumbu kwamba mrindimo ulipigwa kabla ya hafla, na Mkurugenzi akampa mpwa wake mkono.

Jumapili, saa kumi na nusu, Kaimu alikuwa sebuleni anapiga pasi. Snea ya shaba, aliyorudi nayo baada ya hafla, ikaanza. Mama mkwe alimnyang'anya pasi, akamsukuma katikati ya chumba, akamwambia asimame vizuri. Kaimu akaweka mikono ubavuni. Watoto wakasimama, mumewe akasimama. Sauti ilijaa nyumba, ikatoka nje, na majirani walitoka vibarazani bila kuulizana. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kupiga vizuri namna ile, na hakuwahi kusikilizwa namna ile. Mrindimo ulipofika mwisho, mumewe akampa mkono. "Hongera," alisema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kaimu alisimama vile vile kwa muda hata baada ya ngoma kunyamaza, akitabasamu na kulia kwa pamoja. Shati la mumewe liliungua kola.

Jumatatu asubuhi mkuu wa bendi alimkabidhi barua yenye mihuri miwili. Ilieleza kwamba kamati ya idara imechagua snea mpya, kwa kuwa haicheleweshi hafla; kwamba mpigangoma aliyeteuliwa bado hajui kupiga ngoma; na kwamba, hadi atakapojua, Kaimu ataikaimu nafasi hiyo na kumfundisha mwenye nayo. Muda haukutajwa. Aliuliza, akaambiwa si mrefu.

Mpwa alikuwa amesimama mlangoni, amemwamkia tayari, amekuja na vijiti vyake kwa ajili ya somo la kwanza. Kaimu alitia sahihi, kisha akamgeuzia vijiti, kwa sababu mpwa alikuwa amevishika kichwa chini.