Laurenti Afutwe Kwenye DVD

Jumatatu asubuhi Shamte alikuwa anapuliza vumbi kwenye kompyuta yake. Upepo wa Singida hauna adabu, unaingia hata palipofungwa, na mashine ikishakula vumbi inazima katikati ya harusi ya mtu. Kibanda chake cha kuediti video kilikuwa nyuma ya soko, na mwaka ule wa 2007 kila mwenye binti wa kuolewa alitaka DVD, tena yenye picha ya bibi harusi kwenye kasha.

Philipo aliingia, akasalimia, akaweka DVD mezani. Ilikuwa ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Klara kabla ya harusi.

"Fundi, kazi nzuri," alisema. "Ila kaka yangu yumo."

"Yumo," Shamte alikubali.

Laurenti, kaka yake Philipo, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Programu ya Shamte ilikuwa toleo la zamani, na toleo lile lilionyesha na marehemu. Ukumbini hawakuonekana, ila ukishachoma DVD, hao hapo, wamekaa na ndugu zao katika nguo walizozikwa nazo. Wateja walishazoea. Malalamiko yalikuwa madogo madogo, kwamba marehemu fulani hakuvaa sare ya familia, anaharibu rangi.

"Kukaa, akae," Philipo alisema. "Tatizo anaongea."

Aliongea kweli. Kwenye DVD, wakati wa zawadi, maikrofoni ilipofika meza ya familia, Laurenti aliinuka, akampongeza Klara, halafu akasema nyumba ya Unyambwa aliijenga yeye na mkewe Evodia, na ni ya Evodia. MC akamshukuru, watu wakapiga makofi, soda zikaletwa. Sasa, Philipo alikuwa amehamia nyumba hiyo mara tu matanga yalipoanuliwa, akidai ndivyo marehemu alivyotaka. Evodia hakuwa na mtoto wa kumsemea. Alikuwa amepanga chumba mjini.

"Wakwe wanasubiri DVD yao," Philipo aliendelea. "Fundi mwenzako Abdulazizi ana toleo jipya, linafuta mtu kama hakuzaliwa. Na wewe liweke. Ukishindwa nampelekea yeye kazi, na harusi yenyewe apige yeye."

Shamte alilijua toleo jipya. Lilikuwa na maua yanayodondoka na herufi za dhahabu, na nusu ya wateja wake walishayafuata maua hayo kwa Abdulazizi. Lakini kwenye mashine moja matoleo mawili hayakai. Likiingia jipya la zamani linafutika, na marehemu wanaondoka nalo. Akasema atafikiria.

Mchana alikuja Evodia, hata hakukaa.

"Kaka Shamte, nasikia Laurenti kaongea kwenye DVD, na wewe unabadilisha programu."

"Sijaamua, dada."

"Subiri kwanza. Nimeomba kikao cha ukoo Jumamosi, waje hapa wamsikie mwenyewe. Ukimfuta, DVD zitakuwa mbili, na watasema hii anayoongea ndiyo ya kutengeneza. Ile nyumba ndiyo kitu pekee nilichobakiwa nacho, na sinayo."

Roho ilimuuma Shamte. Akamwahidi kusubiri.

Jumamosi ukoo ulijaa kibandani mpaka mlangoni. Mzee Zefania, mwenyekiti wa ukoo, alipewa kiti cha kuzunguka. DVD ikawekwa. Na jamani, nani anaangalia DVD ya sherehe ila kujitafuta mwenyewe? Shangazi mmoja alinuna kwa kuonyeshwa mgongo. Mzee Zefania aliomba arudishiwe pale anapokata ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa, akarudishiwa, akaomba tena. Laurenti alipoinuka, wote walisogelea skrini. Wengine walifuta machozi, maana sauti ilikuwa ile ile.

"Laurenti kasema vizuri," Mzee Zefania alisema DVD ilipoisha. "Sauti ni yake, hakuna wa kubisha. Lakini kasemea kwenye sherehe. Mambo ya nyumba yanasemewa kikaoni. Angekuja kikaoni."

"Baba, kikao si ndicho hiki?" Evodia aliuliza.

"Hiki ni cha kuangalia video, mwanangu."

Wakatoka. Kila mmoja aliagiza nakala yake, na wengi waliulizia kama inawezekana kuweka yale maua.

Shamte aliweka toleo jipya wiki iliyofuata. Alikuwa na hasira na ukoo ule, na zaidi na nafsi yake, lakini Abdulazizi alikuwa hamsubiri. Alimfuta Laurenti vizuri, hata kivuli hakikubaki. Kilichobaki ni MC anayekishukuru kiti kitupu na ukumbi mzima unaokipigia makofi. Hapo alidondosha maua mengi.

Laurenti, alipokosa pa kukaa kwenye DVD, alirudi kwake Unyambwa. Familia ya Philipo ilikuwa sebuleni ikiangalia DVD mpya. Aliingia kwa mlango wa mbele, akakalia kiti chake, na Raheli, mke wa Philipo, akampa chai. Kiti kilikuwa kinaziba televisheni, kwa hiyo wakakisogeza pembeni naye akiwa juu yake. Tangu hapo yupo. Kila wakila, anasema nyumba ni ya Evodia.

"Tumesikia, kaka," Philipo hujibu. "Ila hayo si ya mezani." Halafu anaongeza sauti ya televisheni.

Habari zilimfikia Evodia. Sasa kila Jumapili baada ya ibada anakwenda na ugali wa mtama na mlenda kwenye hotpoti, maana kwa Raheli Laurenti hapewi mtama. Anabisha hodi kwenye mlango aliouchagua mwenyewe kwa seremala, anangoja afunguliwe. Raheli anamwonyesha kochi la wageni. Laurenti akishamaliza kula, Evodia anaosha vyombo, anamfunga vifungo vya shati, anaaga.

"Karibu tena, shemeji," Philipo humwambia akimsindikiza mpaka getini. "Usione haya. Hapa ni kama kwako."