Kiti cha Matroni

Koti jeupe lilikuwa limepigwa pasi nusu tu umeme ulipoisha. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka kama wa balozi. Wa kushoto ulibaki na mikunjo kana kwamba umetolewa kinywani mwa mbuzi. Muuguzi aliitazama pasi, kisha akaitazama mita ukutani, ambayo ilikuwa ikimkonyeza kwa kijitaa chake chekundu.

"Mama, umeme si ulinunua juzi?" binti yake aliuliza huku akifunga viatu vya shule.

"Nilinunua. Umeme wa siku hizi ni kama kipande cha sabuni ya hotelini, ukinawa mara moja imekwisha."

"Na leo ndiyo mtihani wako."

"Ndiyo leo."

"Ukifeli nitakuja kuonana na mwalimu wako."

Muuguzi alicheka, akalikunja koti kwa namna ya kuuficha mkono wa kushoto, akatoka.

Hospitalini walimwita Profesa, na hawakuwa wakimsifu. Kwa miaka miwili alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya uuguzi wa watu wazima na wazee, masomo yanayomfundisha muuguzi kumpima mgonjwa mwenyewe, kutambua ugonjwa na kupanga dawa, badala ya kusubiri daktari apite kama mvua ya kiangazi. Hospitali ilimpa ruhusa ya kusoma kwa barua yenye mstari mmoja uliokuwa na maana: asome bila kuathiri kazi. Yaani zamu zake zilibaki vilevile, na darasani aliingia siku za mapumziko, macho yakiwa mekundu kama ya mpishi wa maandazi. Ruhusa yenyewe ilikuwa inakwisha mwezi huu, na ofisi ya utumishi ilikwisha kumwambia kwamba nyingine asiitegemee. Kilichobaki ni mtihani wa vitendo. Mtahini anakuja mara moja tu. Ukishindwa, umeshindwa na miaka yote miwili.

Mtihani wenyewe ni kumpima mzee mmoja kuanzia utosini mpaka kwenye kisigino, mtahini akikutazama. Profesa alimchagua Bibi Cherehani. Jina hilo alipewa na wodi, kwa kuwa alishona nguo za watu maisha yake yote na sasa alikuwa akishona kwa macho: kila aliyepita karibu na kitanda chake aliambiwa mshono wake umekaa vibaya wapi. Aliletwa baada ya kuanguka kwenye ngazi za chumba anachoishi peke yake.

Profesa alipofika wodini akakuta kitanda cha Bibi kimelaliwa na mtu mwingine.

Bibi mwenyewe alikuwa kwenye benchi la korido, bahasha ya picha za eksirei chini ya kwapa, furushi la nguo mapajani, kama abiria aliyeachwa na gari.

"Wameniruhusu, mwanangu."

"Nani kakuruhusu?"

"Yule daktari mtoto. Kanishika mkono, kasema bibi umepona, nenda nyumbani ukapumzike. Mjukuu wangu atanifuata jioni."

"Na kile kizunguzungu ulichoniambia?"

"Hakuniuliza. Nami nikaona haya kumchelewesha, alikuwa na haraka sana. Alikuwa anatembea huku anaongea." Bibi alilitazama koti. "Mkono huo wa kushoto umeupiga pasi na nini?"

"Bibi, nakuomba usiondoke. Mtahini wangu anakuja, na mgonjwa wangu ni wewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye mtihani? Basi ulijiandaa vizuri, maana mimi swali gumu."

Tatizo halikuwa Bibi. Tatizo lilikuwa kiti.

Kuna kipimo kimoja ambacho wanafunzi wa uuguzi wa wazee hukijua kama watoto wanavyoijua alfabeti. Mzee anakaa kwenye kiti imara chenye mikono ya kushikia. Anainuka, anatembea hatua chache zilizopimwa, anageuka, anarudi, anakaa. Wewe unashika saa. Ni kipimo rahisi kuliko kuchemsha yai, na kinakwambia nani ataanguka kabla hajaanguka. Kinachotakiwa ni mzee, saa na kiti. Wazee wodi ilikuwa nao hadi wa kulala chini. Saa Profesa alikuwa nayo. Kiti chenye mikono kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa chini ya Matroni.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba, Profesa. Mbona huna sare?"

"Zamu yangu inaanza mchana. Sasa hivi nipo kama mwanafunzi. Naomba kile kiti nilichokuambia wiki iliyopita, ukasema tutaona."

Katika hospitali ile, tutaona ni hapana iliyofundishwa adabu. Matroni aliishika mikono ya kiti chake kama mtu aliyesikia kuna wezi mtaani.

"Kiti cha ofisi hakitoki ofisini. Kilichokuwepo kabla ya hiki kiliazimwa kwenda kumuaga mganga mkuu aliyestaafu. Mpaka leo kinamuaga."

"Ni dakika chache tu, hapo koridoni."

"Mimi ndiye niliyekatwa mshahara kwa kile kiti, mdogo wangu, si wewe. Nenda kwa mtunza stoo. Akikupa, vizuri. Asipokupa, usirudi kwangu."

Mtunza stoo alikuwa nyuma ya dirisha la nyavu, akinywa chai kwa utulivu wa mtu ambaye hakuna anayeweza kumpita.

"Barua iko wapi?"

"Barua ya nini, kaka?"

"Ya kuomba kiti."

"Si ndiyo nakuomba hapa kwa mdomo."

"Mdomo haupigwi muhuri, dada yangu."

Profesa alichungulia kupitia nyavu. Nyuma ya mtunza stoo, ukutani, vilipangwa viti vipya vyenye mikono, vimefungwa nailoni, vinang'aa kama maharusi.

"Na vile pale?"

"Vile havijapokelewa."

"Vipo ndani ya stoo yako."

"Vipo, lakini havijafika. Kamati ya mapokezi haijakaa."

"Itakaa lini?"

"Ikipata pa kukaa," alisema mtunza stoo, akajifurahisha mwenyewe, akarudia chai yake.

Aliporudi koridoni, mtahini alikuwa ameshafika. Alikuwa mhadhiri mwembamba, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na nje gari la chuo lilikuwa linanguruma, maana alikuwa na mwanafunzi mwingine hospitali ya pili na dereva hakuamini kama likizimwa litawaka tena.

"Tuanze," alisema. "Sina muda wa kutosha, lakini wewe mgonjwa mpe muda."

Profesa alichuchumaa mbele ya Bibi ili macho yao yawe sawa, akaanza. Hakuharakisha. Aliuliza anakula nini, analalaje, nani anamchotea maji. Alimlaza pale pale kwenye benchi akampima presha, akamwinua taratibu akampima tena amesimama, na kipimo kilikuwa kimeporomoka. Bibi alimshika bega.

"Hicho ndicho kizunguzungu chenyewe," alisema. "Kimekuja kukusalimia."

"Bibi, unatumia dawa gani nyumbani?"

Bibi alifungua furushi, akatoa leso, akaifungua. Vidonge vilikuwa vimechanganyika kama shanga za mtoto.

"Hivi vyeupe ni vya presha, nilipewa kliniki. Vya njano navyo vya presha, nilipewa duka la dawa. Nameza vyeupe, na nikiona havijaniingia vizuri naongeza vya njano. Hivi vidogo vya usingizi. Jirani yangu alibakiwa navyo."

Vyeupe na vya njano vilikuwa dawa ile ile, viwanda tofauti. Wodini walikuwa wamempa dawa ya tatu ya presha, na asubuhi hii wamemwandikia aendelee nayo nyumbani. Mhadhiri alivaa miwani akaandika kwa kirefu.

"Sasa kutembea," alisema. "Kiti kiko wapi?"

"Nimekiomba, Mwalimu. Sijakipata."

"Tumia benchi."

Profesa alilitazama benchi. Halikuwa na mikono wala mgongo, na mguu wake mmoja ulikuwa umetegemezwa na kipande cha tofali.

"Hapana, Mwalimu. Akiinuka hapa kwa haraka hana pa kushika. Ataanguka mbele yetu."

"Basi nitaandika kipimo hakikufanyika. Unajua kina alama ngapi?"

Alijua. Bila hicho hakuna kufaulu. Kalamu ya mhadhiri ilikuwa imeshagusa karatasi. Nje, dereva alipiga honi mara moja, kwa adabu. Profesa aliutazama mlango wa ofisi ya Matroni, uliokuwa wazi.

"Bibi, nikikushika, unaweza kufika mlango ule?"

"Kuna nini kule?"

"Kuna kiti."

Waliingia ofisini watatu, polepole. Matroni aliinua kichwa kutoka kwenye ratiba ya zamu.

"Profesa, nimekwambia kiti hakitoki."

"Hakitoki, Matroni. Sisi ndio tumekifuata."

Matroni alimtazama mhadhiri, mgeni mwenye miwani na kalamu. Akamtazama Profesa kwa jicho la tutaonana. Bibi Cherehani, aliyekuwa amechoka na mambo ya ofisi, alinyoosha mkono wake mkavu akaushika ukingo wa meza.

"Mwanangu," alimwambia Matroni, "nipishe nikae kidogo. Miguu hii haijui mimi ni nani."

Matroni angeweza kubishana na Profesa mpaka kesho. Lakini kukaa huku mwanamke wa umri wa mama yake amesimama na kumwomba, hakulelewa hivyo. Akainuka.

Profesa alitoa futikamba mfukoni, akapima kutoka kwenye kiti hadi koridoni, akabandika kipande cha plasta sakafuni. "Bibi, nikisema twende, inuka kama unavyoinuka siku zote, utembee mpaka pale, ugeuke, urudi ukae."

Bibi aliishika mikono ya kiti. Mara ya kwanza hakuinuka. Mara ya pili aliinuka akasimama, akingoja dunia itulie. Akatembea akiupapasa ukuta. Kugeuka kwake kulikuwa kama lori kwenye uchochoro: mbele kidogo, nyuma kidogo, pembeni kidogo. Profesa alikuwa ubavuni mwake, mikono wazi, bila kumgusa. Bibi alipokaa, hata Matroni alivuta pumzi.

"Zaidi ya nusu dakika," Profesa alisema. "Mwalimu, mgonjwa huyu akienda nyumbani leo ataanguka tena. Presha inashuka akisimama kwa sababu ya dawa zinazojirudia na za usingizi. Ningezisimamisha za ziada, nimpatie fremu ya kutembelea, nimpime tena, ndipo nimruhusu."

"Sahihi," mhadhiri alisema, akitia saini. "Sahihi kabisa. Umefaulu. Hongera sana."

"Asante. Kwa hiyo utawaambia wasimruhusu?"

Mhadhiri alivua miwani. "Mimi ni mtahini tu, dada. Hospitali si yangu." Honi ililia tena, safari hii bila adabu, naye akaondoka.

Profesa alimwahi daktari kijana kwenye mlango wa kliniki yake. Watu walikuwa wamejazana mpaka nje. Alimweleza haraka, na daktari alimsikiliza huku akitafuta faili la mtu mwingine.

"Nimeshamsaini huyo. Na wewe hapa umekuja kama nani, muuguzi au mwanafunzi?"

"Nimemaliza sasa hivi."

"Hongera. Ila mpaka utumishi wakutambue, siwezi kufuta ruhusa yangu kwa maneno yako. Nikimaliza foleni hii nitapita."

Foleni ile haikuwa na mwisho unaoonekana kwa macho.

Alirudi kwa Matroni. Matroni alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na Bibi amekaa kitini.

"Usiniangalie hivyo," Matroni alisema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Mapokezi kuna watu wamelala sakafuni, kitanda kimeshakwenda. Na hicho cheo chako nilikuulizia utumishi mwenyewe, mwezi uliopita. Hakimo kwenye muundo wa vyeo. Wameniambia utarudi na shahada yako utaendelea kupanga shuka. Nilishindwa kukwambia kabla ya mtihani."

Profesa alivua koti jeupe lenye mkono mmoja ulionyooka, akalitundika msumarini, akabaki na sare ya buluu aliyoivaa chini tangu asubuhi. Zamu yake ilikuwa imeanza.

"Nimefaulu?" Bibi aliuliza.

"Umefeli, Bibi. Niliyefaulu ni mimi."

"Basi niinuke, nikamngoje mjukuu nje?"

Profesa alilichukua faili la Bibi mezani, akaandika akiwa amesimama, akatia saini, akaligeuza kuelekea kwa Matroni na kuweka kalamu juu yake.

"Nimeandika kwamba kumwinua mgonjwa huyu ni hatari mpaka daktari amwone upya. Kama muuguzi wa zamu, hilo naruhusiwa kuliandika. Kitanda mmechukua, sawa. Anayetaka kumtoa kwenye kiti, naye aandike jina lake chini ya langu."

Matroni aliisoma ile saini, akaitazama kalamu. Hakuigusa.

Bibi alipapasa mikono ya kiti mpaka kwenye ncha zake, akaangalia kitambaa cha mgongoni. "Aliyeshona hapa alikuwa na haraka," alisema, akafumba macho.

Matroni alikusanya ratiba yake ya zamu, akaipeleka juu ya kabati la mafaili, akaanza kuandika huko, amesimama, akipumzisha mguu mmoja kisha mwingine.

"Profesa," aliita baada ya muda. "Niletee basi hata stuli."

"Stuli za wodini, Matroni, hazitoki wodini."

Profesa alichukua trei ya dawa akaenda kuwagawia wagonjwa walioandikiwa. Kila alipopita mlangoni alichungulia. Bibi alikuwa palepale, furushi mapajani, amelala kwenye kiti pekee chenye mikono katika hospitali nzima kilichokuwa kimepokelewa rasmi. Mlango wa kliniki, kule mwisho wa korido, ulikuwa bado una watu mpaka nje.